Orodha ya Kazi Simuni: Kuipanga na Kuisoma



Somo la toleo hili linahusu kitu ambacho wengi wenu tayari mnacho simuni lakini hakiwasaidii: programu ya orodha ya kazi. Nimekuwa nikiongoza kikundi cha masomo cha jumuiya yetu hapa Bujumbura kwa miaka mitatu sasa, na kila mwanzo wa mwaka huwaomba wenzangu wanioneshe orodha zao. Ninachokiona hufanana. Mistari thelathini au arobaini, nusu yake neno moja moja tu, "memwari", "takwimu", "baba mdogo", na tarehe karibu zote zimeshageuka nyekundu. Mwenye simu haifungui tena programu hiyo, maana kuifungua ni kama kukutana njiani na mtu anayekudai.

Nianze na programu zenyewe, nizipitie haraka kwa sababu si hapo penye tatizo. Mimi natumia Todoist. Ilianzishwa mwaka 2007 na Amir Salihefendić, kijana mzaliwa wa Bosnia ambaye familia yake ilikimbilia Denmark wakati wa vita. Alikuwa bado mwanafunzi wa kompyuta chuo kikuu, na aliitengeneza ili apange kazi zake mwenyewe. Wengine wanapenda Microsoft To Do, iliyotoka mwaka 2017 baada ya Microsoft kuwanunua wale vijana wa Berlin waliotengeneza Wunderlist. Aliye na Gmail anayo Google Tasks hata kama hajui. Zote zina toleo la bure linalomtosha mwanafunzi. Todoist na Microsoft To Do huendelea kufanya kazi bando likiisha, kisha hujisawazisha mtandao ukirudi, na hilo kwetu si jambo dogo. Asiye na simu ya kisasa achukue daftari la mistari. Karibu yote nitakayosema yanawezekana kwa kalamu.

Mahali pamoja pa kupokelea

Kazi za mwanafunzi huingia kwa milango mingi. Profesa anataja darasani, delegeti anaandika kwenye kundi la WhatsApp, mama anapiga simu kutoka nyumbani, amiri wa jumuiya anakushika mkono baada ya swala ya Ijumaa. Kila mlango una kumbukumbu yake, na kichwa chako kinabaki kikizunguka milango yote kuangalia kama kuna kilichosahaulika. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Masicampo na Baumeister, walionesha kwa majaribio kwamba kazi isiyokamilika humsumbua mtu akilini hata akiwa anafanya jambo lingine, na kwamba usumbufu huo hupungua mtu akishaiwekea mpango mahususi, hata kabla hajaifanya. Kazi bado ipo, lakini akili imekubali kuiachia.

Kwa hiyo weka kikasha kimoja. Todoist wanakiita Inbox na kipo tayari tangu siku ya kwanza. Chochote kinachoingia kwa mlango wowote kiandike humo ndani ya dakika hiyo hiyo, bila kufikiria kipangwe wapi. Kukipanga ni kazi ya jioni. Ukijaribu kupanga huku profesa anaendelea kusema, utakosa yote mawili.

Lakini usikifanye kikasha kuwa ghala. Kisipomwagwa kila siku, baada ya wiki mbili utakuwa umehamisha fujo ya kichwani na kuipeleka simuni.

"Memwari" si kazi

Hapa ndipo orodha nyingi hufia. Mtu ameandika "memwari" akaweka tarehe ya mwisho wa mwezi wa sita. Kila asubuhi anaona neno hilo, na kila asubuhi halimwambii afanye nini. Memwari ni safari yenye kazi mia moja ndani yake. Ndani ya programu ipewe mradi wake, na kinachoandikwa kwenye mstari kiwe kitu ambacho mkono unaweza kukianza.

Kipimo changu ni hiki: mstari huo ungempa mwenzako wa kitivo kimoja nawe, je, angejua aanzie wapi na angejua saa ngapi amemaliza? "Sura ya pili" haipiti kipimo hiki. "Andika aya tatu kuhusu namna neno mtaji linavyotumika katika vitabu vile viwili nilivyoazima" inapita. "Takwimu" haipiti. "Mtumie msimamizi barua pepe yenye maswali 5 ya hojaji ninayoyatilia shaka" inapita. Mtaona kwamba zinazopita huanza na kitenzi. Zoeeni kuandika kitenzi kwanza, na kazi yenyewe itajifunua kama ni moja au ni sita zilizojifunika shuka moja.

Sasa ukubwa. Vitabu vya Ulaya vya kupanga muda hugawa siku kwa saa. Sisi tuna mgawanyo ulio bora zaidi, nao umo mwilini mwetu tangu utotoni. Tena kwa tunaoishi karibu na ikweta mgawanyo huo hausogei sana: magharibi hapa Bujumbura ni kama saa 12 jioni mwaka mzima, dakika chache mbele au nyuma. Ndugu yetu aliyeko London magharibi yake mwezi wa sita ni baada ya saa 3 usiku, na mwezi wa kumi na mbili ni kabla ya saa 10 jioni. Yeye hawezi kujenga ratiba ya mwaka juu ya nyakati hizo. Sisi tunaweza. Baada ya alfajiri hadi kutoka nyumbani kwenda darasani nina kama saa moja na nusu, akili ikiwa safi na nyumba ikiwa kimya. Kati ya magharibi na isha ni saa moja na kidogo, lakini kuna watu, kuna chakula, kuna salamu, kwa hiyo nahesabu dakika arobaini. Baada ya isha ni saa mbili, umeme ukikubali.

Basi kazi isizidi nafasi moja ya namna hiyo. Ikizidi, ikatwe. Na katika programu, badala ya lebo za "muhimu" na "muhimu sana", ambazo baada ya siku tatu kila kitu huwa nacho, mimi nimeweka lebo za nyakati: alfajiri, adhuhuri, magharibi, isha. Kazi ya kuandika hupata lebo ya alfajiri. Kujibu barua na kupanga nukuu za vitabu, magharibi. Kazi inayohitaji kompyuta yenye chaji haipati lebo ya isha hata siku moja. Nikimaliza swala, nafungua lebo hiyo tu, naona mistari miwili au mitatu, basi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanya kazi kwa miaka mingi juu ya jambo hili: mtu anayejiwekea "likitokea jambo fulani, nitafanya kazi fulani" hutekeleza zaidi kuliko anayesema tu "nitafanya". Swala ni tokeo ambalo halikosi.

Mtaniuliza, je, swala zenyewe tuziingize kwenye orodha tuziwekee tiki? Wapo wanaofanya hivyo. Mimi sipendi. Mwenye orodha hujizoeza kuahirisha, huburuta mstari kutoka leo kwenda kesho kwa kidole kimoja, na sitaki swala ikae kwenye safu moja na vitu vinavyoburutwa. Ibaki kuwa nguzo ambazo kazi zinafungwa kwazo. Murajaa ya Qurani ni jambo lingine, hiyo naiwekea mstari wake, kwa sababu ina kiasi na inaweza kuhesabiwa.

Tarehe za kweli na tarehe za matumaini

Nyekundu zile nilizozitaja mwanzoni hazitokani na uvivu mara nyingi. Zinatokana na kuweka tarehe kwenye kila kitu. Mtu anaandika kazi ishirini Jumapili usiku akiwa na ari, anazigawa wiki nzima, na Jumatano zote zimeshapitwa. Kisha ile moja yenye tarehe ya kweli, kama siku ya mwisho ya kujiandikisha mtihani wa marudio, inapotea katikati ya nyekundu kumi na tisa za kujitungia.

Tarehe ya kweli ni ile ambayo ikipita kuna mlango unaofungwa. Hiyo iandike ndani ya jina la kazi, kwa mfano "Peleka fomu ofisini (mwisho 14/6)". Sehemu ya tarehe ya programu itumie kwa siku unayokusudia kuifanya, nayo iwe siku tatu nne kabla. Zisizo na mlango wa kufunga ziache bila tarehe kabisa. Zitapata siku yake kila asubuhi unapochagua. Microsoft To Do wamelifahamu hili vizuri: wana ukurasa unaoitwa My Day ambao hujifuta wenyewe kila usiku. Ulichochagua na hukukifanya hakipotei, kinabaki kwenye orodha yake, ila asubuhi unaanza na ukurasa mweupe na unachagua upya.

Kwa kazi za kujirudia, kuna alama moja ndogo ya Todoist ambayo wengi hawaijui. Ukiandika tarehe kwa Kiingereza, "every 3 days" hufuata kalenda hata ukichelewa. Ukiongeza alama ya mshangao, "every! 3 days", hesabu huanza upya tangu siku uliyoimaliza. Kikao cha Jumamosi ni cha kalenda. Kufua nguo ni ya mshangao, kwa sababu ukichelewa siku mbili huna haja ya kufua tena kesho yake.

Kuhesabu kilichosogea

Sasa tufike kwenye jambo ninalotaka mlishike zaidi. Tiki ni tamu. Unagusa, mstari unatoweka, roho inafurahi. Lakini idadi ya tiki haikuambii kama umesogea. Siku ya tiki tisa inaweza kuwa siku ya kununua sabuni, kupiga chapa kurasa mbili na kujibu watu saba. Siku ya tiki moja inaweza kuwa siku uliyomaliza uchambuzi wa jedwali lililokukwamisha mwezi mzima. Todoist wana hata alama wanazoziita Karma, neno lililotoka katika dini za Kihindi: unazipata ukimaliza kazi, unapunguziwa kazi zikichelewa siku nne au zaidi, na daraja la juu kabisa linahitaji alama 50,000. Nimewaona vijana wakikata kazi moja vipande kumi visivyo na maana ili alama zipande. Mpangilio una sehemu ya kuizima. Mimi nimeizima.

Cha kuhesabu ni kipande cha kazi yenyewe, pamoja na saa ulizotumia. Nitawapa mfano wa dada mmoja wa kikundi chetu, kwa ruhusa yake, bila kumtaja.

Memwari yake ni kuhusu akina mama wanaouza dagaa kandokando ya ziwa. Alikuwa na mahojiano 18, kila moja kama dakika arobaini, yamerekodiwa simuni kwa Kirundi na Kiswahili, na alipaswa kuyanukuu kisha kuyatafsiri kwa Kifaransa. Alikuja kwetu zikiwa zimebaki wiki sita kabla ya kukabidhi. Akikosa duru hiyo angelipia ada ya mwaka mwingine, na nyumbani kuna mdogo wake wa kiume aliyeambiwa asubiri zamu yake hadi dada amalize. Kwenye orodha yake kulikuwa na mstari mmoja: "nukuu mahojiano, wiki moja".

Tulimwomba afanye mahojiano mawili tu, aandike muda. Kila moja lilichukua kama saa 4. Mara 18 ni saa 72. Saa alizokuwa nazo kwa kazi hiyo, alfajiri na usiku, siku sita kwa wiki, zilikuwa 18. Hesabu ikasema wiki nne. Na bado sura mbili hazijaandikwa.

Asishangae mtu. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao wataje siku watakazohitaji. Kwa wastani walitaja siku 34. Walipoambiwa wakadirie ikiwa kila kitu kitakwenda vibaya kadiri inavyowezekana, walitaja kama 49. Walitumia zaidi ya 55, na waliomaliza kwa siku walizotaja wenyewe hawakufika theluthi. Angalieni hapo: hata ubaya walioufikiria haukufikia hali halisi. Sababu ni kwamba mtu akikadiria huitazama kazi iliyo mbele kama hadithi inayokwenda sawa, hatazami kazi zake zilizopita zilichukua muda gani. Na hawezi kuzitazama kama hakuandika popote.

Dada yetu alimpelekea msimamizi hesabu hiyo, si malalamiko. Saa 72, nina 18 kwa wiki, naomba ushauri. Msimamizi akakubali mahojiano 12 yanukuliwe neno kwa neno na 6 yafupishwe. Saa zikashuka hadi 57 hivi. Akaandika mradi upya: mistari 18, kila mmoja na jina la soko, na katika maoni ya kila mstari akaweka namba mbili, makadirio na halisi. Kufikia la saba alikuwa anatumia saa tatu na nusu, kwa sababu alishajua msamiati wa biashara ile kwa Kifaransa. La kumi na moja lilimchukua saa sita. Soko lilikuwa na kelele. Zote zilikuwepo pale, na kila Jumamosi tulisoma pamoja: 3 kati ya 18, 8 kati ya 18, 13. Wiki ya pili alishuka na akajua siku ileile kwamba ameshuka, si mwezi baadaye.

Alikabidhi siku mbili kabla ya mlango kufungwa. Sura ya nne ni fupi kuliko alivyotaka, na anajua jopo litamuuliza. Anasubiri siku ya kutetea, tumwombee.

Wanaotumia Microsoft To Do, hesabu hiyo mnaipata bure: ukiweka hatua ndani ya kazi, chini ya jina huonekana umemaliza ngapi kati ya ngapi. Na msidharau ile sehemu ya kusomeana. Mwaka 2016 Harkin na wenzake walikusanya tafiti 138 zenye washiriki karibu 20,000, wakaona kwamba kufuatilia maendeleo husaidia watu kufikia malengo, na kwamba husaidia zaidi yakiandikwa mahali, na yakijulikana kwa wengine. Mwenye haya asome kwa mtu mmoja tu anayemwamini.

Asubuhi na usiku

Wanazuoni wetu walilifanyia kazi jambo hili kabla ya simu. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, alipata jina lake kutokana na kuihesabu nafsi. Imamu Ghazali katika Ihya ameieleza nafsi kwa mfano wa mshirika wa biashara: mfanyabiashara huwekeana masharti na mshirika wake kwanza, kisha humwangalia anapofanya kazi, kisha hufanya naye hesabu, ajue faida na hasara. Yeye alikuwa akizungumzia matendo ya Akhera, nami sitaki kumshusha hadi kwenye mambo ya kukabidhi tasnifu. Lakini utaratibu wa kuwekeana masharti asubuhi na kuhesabiana usiku unafaa hata kwa aya tatu za sura ya pili.

Kwangu masharti huchukua dakika tano baada ya alfajiri: nachagua kazi tatu za siku, si zaidi, moja ikiwa ya mradi mkubwa. Usiku baada ya isha ni dakika kumi: namwaga kikasha, naandika saa halisi pembeni ya makadirio, na kila kisichofanyika nakiuliza kwa nini. Kama ni umeme, ni umeme, hakuna la kujilaumu, kinabadilishwa lebo. Kama kimeahirishwa mara tatu, hapo kuna jambo. Ama ni kikubwa na hakijakatwa, ama kinamsubiri mtu mwingine na hujamwuliza, ama hukitaki. Cha kwanza kikate. Cha pili kigeuze kuwa "Mpigie fulani". Cha tatu mwambie aliyekupa kwamba hutakifanya, kabla hajakutegemea zaidi, kisha ukifute.

Hilo la mwisho linawahusu hasa walio kwenye kamati za jumuiya. Mradi wa pamoja katika programu, kwa mfano wa futari ya Ramadhani, uwe na jina la mtu mmoja kwenye kila mstari. Mstari wenye majina matatu hauna mwenyewe. Na michango ya watu, nani katoa nini, isiwekwe humo. Kila mwenye kiungo anaiona.

Kikundi cha masomo hukaa kila Jumamosi baada ya alasiri, chumba kilekile. Aliye na orodha iliyojaa nyekundu aje nayo kama ilivyo, asiisafishe kwanza.